Kuacha Chaki na Kushika Mizani
Khutba ya Ijumaa, Urambo

Khutba ya kwanza

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena Ijumaa hii. Tunamwomba rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ninaiusia nafsi yangu, kisha ninakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika swala zetu na katika fedha tunazowekeana.

Ndugu zangu Waislamu, siku za karibuni baada ya Alasiri alinijia ndugu yetu mmoja. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha zaidi ya miaka 20, na humu msikitini wamo wanaume wenye ndevu waliojifunza kuandika majina yao mbele yake. Wafugaji nyuki wa kwetu wana chama chao. Wanakusanya asali ya miombo, wanaichuja, wanaipeleka kuuzwa mbali, na sasa wamemwomba awe meneja wao. Akaniuliza: "Shehe, nikiacha ualimu nitakuwa nimeitupa amana?" Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu Magharibi ilikuwa imekaribia, na uchache ule umenikaa moyoni tangu siku ile. Leo ninamjibu mbele yenu, maana swali hili wanalo wengi: muuguzi aliyeitwa kusimamia duka la dawa, karani wa ghala aliyechaguliwa kuongoza chama cha msingi, fundi wa reli ambaye wanawe wanataka aje awaongozee karakana.

Kuacha kazi ya miaka mingi, kwa njia iliyo safi, si dhambi. Mtume wetu (S.A.W.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, kisha akawa mfanyabiashara, akasafiri Sham na mali ya Bibi Khadija kabla hajamwoa. Mlango wa riziki si mmoja. Kwa hiyo mwalimu wetu asilale na hofu kwa sababu ya chaki. Hofu yake aipeleke kwenye kile kiti anachokwenda kukikalia. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, anashika kifutio, anafuta, darasa linaendelea. Meneja akikosea hesabu, mjane aliyeleta ndoo 3 za asali analipwa ndoo 2, na hakuna kifutio cha jambo hilo.

Nabii Yusuf (A.S.) alipotolewa gerezani, aliomba apewe usimamizi wa maghala ya Misri, akatoa sababu mbili: kwamba anajua kulinda na kwamba ana elimu. Wanazuoni wamelizungumza sana jambo hili, kwa sababu Mtume wetu alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi, na alimwambia Abu Dharr, sahaba aliyempenda, kwamba yeye ni dhaifu na uongozi ni amana itakayoleta majuto Siku ya Kiyama kwa asiyeutimizia haki yake. Mimi ninavyoelewa, Yusuf aliiona njaa inakuja, akajua namna ya kuhifadhi nafaka, na kunyamaza kwake kungeua watu. Sababu zake mbili ndizo ninazompa mwalimu wetu ajipimie: kujua na kulinda.

Juu ya kujua, sisi watu wa Urambo hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Wazee wetu waliuona kwa macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga katika nchi hii. Mpango ulitaja ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Mwenyekiti wa shirika lililokabidhiwa kazi hiyo alikuwa Leslie Plummer, mtu aliyepata uzoefu wake katika magazeti. Msimamizi aliyeletwa huku alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Sitawasengenya watu waliokwisha kufa. Kila mmoja alikuwa na ustadi katika kazi yake ya awali. Lakini karanga hazisomi gazeti, na ardhi haipokei amri ya jenerali. Vifaru viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Mvua haikuwa imechunguzwa kwa miaka ya kutosha. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu mithili ya saruji, jembe haliingii na karanga hazichimbuki. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Mkulima aliyeishi na udongo ule angeweza kuwaeleza. Mwalimu wetu naye atakuta hapo chamani wazee wasiojua kompyuta, lakini wanajua mzinga upi utahamwa na nyuki, na asali ipi ilivunwa usiku kwa moto mkubwa ikashika moshi. Akae chini yao. Msimu mzima wa kwanza aende nao porini, alale huko, aumwe na nyuki. Mfanyabiashara Reginald Mengi alikuwa mhasibu katika kampuni ya Coopers & Lybrand hadi mwaka 1989, lakini kalamu za wino alikwisha anza kuziunganisha nyumbani kwake miaka kadhaa kabla hajaondoka. Alipotoka ofisini, biashara haikuwa ngeni kwake.

Na babu zetu walilijua hili kabla ya reli. Misafara iliyotoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu ilikuwa na kirangozi wake. Alitangulia mbele na bendera, mzigo wake mwepesi kuliko ya wenzake. Cheo hicho hakikutolewa kwa sauti nzuri. Alikuwa pagazi kwanza, njia ile ameitembea na mzigo begani, anajua kisima kipi hukauka na mtemi yupi anadai hongo kiasi gani.

Lisikilizeni neno hilo, hongo. Siku zile ulikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, na Mirambo, ambaye mji wetu unabeba jina lake, aliwatoza wafanyabiashara na alipokosana nao aliifunga njia. Ulidaiwa mchana, mbele ya watu, kila mmoja akajua kiasi. Leo neno lile lile ni rushwa, na rushwa hupita usiku. Hapa ndipo tunapofika kwenye kulinda.

Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa ghadhabu: mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi ile ingemfuata? Ndugu yangu mwalimu, miaka yote uliyofundisha hakuna mfanyabiashara wa ndoo na vifungashio aliyekuletea mbuzi wa Idi. Mwaka huu ataletwa. Kabla hujaifungua kamba ya mbuzi yule, jiulize swali la Mtume.

Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo kwa miaka mingi. Asubuhi baada ya kupewa ukhalifa alionekana na nguo zake begani anakwenda sokoni. Umar akamuuliza anakwenda wapi na hali amekwisha kabidhiwa mambo ya Waislamu. Akajibu kwamba ana watoto wa kulisha. Wakakaa, wakamkadiria posho ya kumtosha kutoka katika mali ya Waislamu, naye akaiacha biashara. Mara nyingi mashehe huishia hapo. Mimi naomba muitazame siku ya kufa kwake. Aliagiza kila kilichozidi katika mali yake tangu ashike uongozi kipelekwe kwa atakayemfuata. Walipotafuta, walipata ngamia wa kuteka maji na vitu vichache vya nyumbani. Umar alipoletewa alilia, akaona jinsi alivyowachosha wote watakaokuja baada yake.

Kwa hiyo, mwalimu, siku utakayoingia andika ulicho nacho: nyumba, ng'ombe, baiskeli, madeni. Mpe mkeo nakala moja na mwenyekiti nakala moja. Omba vitabu vya chama vikaguliwe kabla hujasaini kupokea. Ushirika wa nchi hii una chombo chake cha ukaguzi, COASCO, na kumwita mkaguzi si kumtukana aliyekutangulia. Ni kumpumzisha naye.

Huko unakotoka nako kuna haki za watu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa uchache, na watumishi wa umma wana taratibu zao. Wewe usiishie kwenye siku za sheria. Darasa la saba wana mtihani Septemba; ukiwaacha mwezi Juni umewavunjia wanafunzi 60 ahadi ili uwahi kiti. Subiri wamalize. Rudisha vitabu na funguo, lipa mkopo wa walimu wenzako. Fika pia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, ukaulize michango yako, kwani pensheni inataka michango ya miezi 180. Wewe umeipita, lakini ndugu mwenye miaka 13 kazini anayetaka kukufuata aijue hesabu hiyo kabla hajaandika barua.

Nimesema niliyosema, nami ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Neno la mwisho ni kwa wanachama mnaomwita. Masahaba walimkadiria Abubakar posho kabla hajashikwa na njaa. Nanyi mwandikieni mwalimu mshahara unaolisha familia, usainiwe mbele ya mkutano mkuu. Meneja mnayemlipa kwa ahadi mnamsogeza karibu na yule mbuzi. Na akija na swali la kijinga mwezi wa kwanza, msimcheke. Amekuwa mwalimu, anajua umuhimu wa kuuliza.

Ewe Mola, mjaalie ndugu yetu ajue asichokijua na alinde asichokimiliki. Wape wanafunzi anaowaacha mwalimu mwenye huruma. Ibariki misitu yetu na nyuki wake, ilete mvua kwa wakati, na uwarehemu wazee wetu waliolala chini ya ardhi ya Urambo. Amin.

Nyoosheni safu.