Kipimo cha Kiinimacho

Liko swali ambalo vijana wa sharika zetu huliuliza mara nyingi, na pengine wazazi wao pia, nalo lataka jibu la kufikiriwa. Je, yafaa Mkristo kununua vyombo vya kuchezea viinimacho, au kitabu kifundishacho michezo hiyo, na kuifanya mbele ya watu kwa kuwafurahisha? Wengine hujibu upesi kwamba mambo hayo yote ni uchawi, na kwamba aliyeshika sanduku la mazingaombwe ameshika mkono wa Shetani. Wengine nao hujibu upesi vilevile kwamba huo ni mchezo tu, wala mchezo hauna dhambi. Nadhani pande zote mbili zimefanya haraka, na haraka haraka haina baraka.

Kwanza na tuangalie jinsi wenye kazi hii wanavyopima vitu vyao, maana hawanunui ovyo. Wakiletewa chombo, huuliza: Je, kimeundwa vizuri, hata mtazamaji akikishika mkononi asione kasoro? Je, siri yake hufichika kwa wote, au aketiye kando huiona? Je, chaweza kutumika mara mia bila kuharibika? Na wakiletewa kitabu, huuliza: Je, mwandishi ameeleza kazi ya vidole hatua kwa hatua, hata mwanafunzi aweze kuifuata? Je, amemtaja yule aliyebuni mchezo, au ameiba kazi ya mwenziwe? Wakusanyaji wa vitabu vya kale nao hutazama umri wa kitabu, uhaba wa nakala zake, na uzima wa jalada na picha. Vipimo hivi ni vyema. Ni vipimo vya fundi, kama seremala apimavyo mbao. Lakini nasema havitoshi. Kimesalia kipimo kimoja, nacho ndicho kizito kuliko vyote: Mwenye chombo hiki huwaachia watu waamini nini?

Tuchukue mfano wa mchezo wa vikombe na vipira, ambao ni wa kale sana. Mchezaji hupanga vikombe juu ya meza, akaonekana kuweka kipira chini ya kimoja. Mtazamaji husadiki kwamba kipo hapo, kumbe kimekwisha kubaki kati ya vidole vya mchezaji. Seneca, mwenye hekima wa Roma aliyeishi siku za Mtume Paulo, aliutaja mchezo wa namna hiyo katika barua yake moja. Alisema kwamba hila zake hazidhuru, na kwamba hila zenyewe ndizo zimpendezazo. Akionyeshwa jinsi zifanywavyo, hamu yake hwisha.

Neno lake ni kweli, lakini yatupasa kuuliza sababu. Kwa nini hila hizo hazidhuru? Uongo ni nini? Si kila neno lisilolingana na mambo yaliyotukia ni uongo. Bwana wetu alifundisha kwa mifano, wala hatusikii mtu akimwuliza yule mwana mpotevu alizaliwa kijiji gani. Bibi huwasimulia wajukuu habari za sungura na fisi, wala haitwi mwongo. Maana msikiaji amekwisha kujua ni neno la namna gani, naye amelipokea kwa hiari yake. Uongo ni kuichukua imani ya mwenzako pasipo hiari yake, ukaitumia kwa faida yako. Basi mcheza viinimacho asemaye waziwazi kwamba atayachezea macho ya watu, huyo amefanya mapatano nao. Huyadanganya macho, wala haidanganyi akili. Watazamaji hurudi nyumbani wakicheka, na tena wamejifunza neno lenye faida, ya kwamba macho ya mwanadamu si shahidi wa kutegemewa sikuzote.

Lakini mapatano hayo yaweza kuvunjwa kwa neno moja. Mkono ni uleule, uzi ni uleule, sanduku ni lilelile lenye chini mbili. Ila yule alisema, Huu ni mchezo, na huyu asema, Huu ni uwezo. Katika vitabu vya Apokrifa, ambavyo Luther alisema vyafaa kusomwa ijapokuwa havilingani na Maandiko Matakatifu, iko habari ya sanamu ya Beli huko Babeli. Kila siku sanamu hiyo iliandaliwa unga, kondoo arobaini na divai, na asubuhi meza ilikutwa tupu. Mfalme akasadiki kwamba Beli ni mungu aliye hai. Danieli hakubishana kwa maneno mengi. Alinyunyiza majivu sakafuni, na mlango ukafungwa kwa muhuri. Asubuhi mfalme akaona nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto; maana palikuwa na mlango wa siri chini ya meza, na makuhani sabini pamoja na jamaa zao walikuwa wakiingia usiku na kula. Angalieni jinsi kiinimacho kile kilivyokuwa kimetengenezwa kwa ustadi. Kwa vipimo vya mafundi kingesifiwa. Kwa kipimo chetu kilikuwa wizi, maana watu walilishwa imani ya uongo ili makuhani washibe.

Sasa na tuvitazame vitabu viwili vya viinimacho vilivyochapwa katika mwaka mmoja, mwaka wa 1584. Kimoja kilitoka Lyon katika nchi ya Ufaransa, kazi ya J. Prevost, nacho kilifundisha michezo ya werevu kwa kuwapendeza watu. Hatuna neno juu yake. Cha pili kilitoka London, nacho kiliandikwa na Reginald Scot, mtu wa Kent, aliyekuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya kilimo cha mmea utiwao katika pombe ya Kizungu. Jina la kitabu chake ni The Discoverie of Witchcraft, yaani Kufunuliwa kwa Mambo ya Uchawi. Ndani yake Scot alieleza jinsi fedha ipoteavyo mkononi, jinsi kisu kionekanavyo kupenya mwili bila jeraha, na jinsi kichwa cha mtu kiwezavyo kuonekana sahanini kama kichwa cha Yohana Mbatizaji. Siri ya mchezo huo wa mwisho ni meza yenye matundu mawili na vijana wawili: mmoja amelala mezani, kichwa chake kimezamishwa tunduni, na mwenziwe aliye chini ya meza ametokeza kichwa chake katika tundu la pili.

Kwa nini bwana huyu alijisumbua kuandika hayo? Siku zile katika Uingereza watu walikuwa wakinyongwa kwa kushitakiwa uchawi. Scot alitazama washitakiwa ni nani, akaona ya kuwa wengi ni wanawake wazee, viwete, maskini, wenye macho mabovu. Akataka kuwaonyesha mahakimu kwamba mambo mengi yanayoitwa ya ajabu yaweza kufanywa kwa mkono mwepesi na kwa chombo chenye siri, pasipo pepo wala mapatano na Shetani. Tena, alipokuwa akizifunua siri hizo, alisema kwamba yamsikitisha kuzitoa nje, kwa kuwa wako maskini wapatao riziki kwa michezo hiyo. Hapo ndipo naona uzito wa kitabu chake. Aliweka mkate wa mchezaji upande mmoja wa mizani, na shingo ya kikongwe upande wa pili, akachagua. Wakusanyaji wa leo hukithamini kitabu hicho kwa sababu ni cha kwanza cha Kiingereza kueleza viinimacho kwa urefu. Mimi nakithamini kwa sababu ya shingo ile.

Wala tusiwahukumu Waingereza peke yao. Luther mwenyewe, akihubiri katika mwaka wa 1526 juu ya sheria ya Musa, alisema wachawi wauawe; na katika nchi za Kilutheri moto uliwashwa kama kwingineko. Nyumba yetu pia ina deni hili.

Je, mambo hayo yamekuwa ya kale? Scot alitaja wazee wenye macho mabovu. Na kwetu, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na dalili iliyotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni, maana mahali palipo na uhaba wa kuni watu hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Mama alikuwa akiwapikia wajukuu, na upishi wake ukafanywa ushahidi wa kumwua. Na ni nani awatajaye wachawi? Mara nyingi ni mtu mwenye vyombo. Katika miaka ya 1930 walitokea Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, watafuta wachawi waitwao Mchape. Watu walipangwa mstari, wakapita nyuma ya mgongo wa mtafutaji, naye akazitazama sura zao katika kioo kidogo, akasema huyu ni mchawi na huyu siye. Kioo ni kitu kizuri. Mcheza viinimacho hukitumia pia. Lakini kioo cha mchezaji huficha kipira, na kioo cha mtafutaji humficha yeye mwenyewe, ili hukumu itokayo kinywani mwake idhaniwe imetoka penginepo. Mnamo Januari 2015 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Amri ni njema, lakini haiwezi kufika mahali ambapo akili ya watu haijafunguliwa.

Labda mtu atasema: Basi na tuwashinde kwa kuonyesha maajabu makubwa kuliko yao. Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika mwaka wa 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Robert-Houdin, mcheza viinimacho mashuhuri, mpaka Aljeria, ili apunguze heshima ya mashehe ambao Wafaransa waliogopa watawaasi. Alikuwa na kasha dogo lenye chuma chini yake, na chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Akamwambia mtu mwenye nguvu kwamba atamnyang'anya nguvu zake. Sumaku ikawashwa, na yule mtu hakuweza kuliinua kasha, kisha umeme ukamshtua, akakimbia. Robert-Houdin aliandika katika kumbukumbu zake kwamba baadaye wakalimani waliamriwa kuwaeleza watu kuwa hayo yote yalikuwa ustadi tu. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kutangulia. Njia hiyo si yetu. Kumtoa mtu katika hofu ndogo kwa kumtia katika hofu kubwa ni kumbadilishia bwana, si kumpa uhuru. Danieli hakufanya muujiza mbele ya Beli. Alinyunyiza majivu tu, akamwacha mfalme aone mwenyewe.

Wengine watanikumbusha Waefeso, ambao walivikusanya vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande hamsini elfu vya fedha, wakavichoma moto. Je, tusivichome vyetu? Najibu kwamba vitabu vile viliahidi uwezo uliofichwa. Na wenyewe waliviteketeza kwa hiari, kwa hasara yao, ili wasiutumaini tena. Kitabu kielezacho jinsi hila ifanywavyo ni kinyume cha hicho, maana huharibu tumaini la uongo badala ya kulijenga. Ni kweli kwamba mwovu naye aweza kukisoma. Kazi ya Scot ilinakiliwa katika vitabu vya kufundishia wachezaji, kama kile kiitwacho Hocus Pocus Junior cha mwaka wa 1634, na sijui ni mkono gani uliofunua kurasa zake. Lakini laghai alizijua hila zake kabla vitabu havijachapwa. Aliyekosa kuzijua ni yule anayelaghaiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tukimpa kila mtu kata, mtungi hauna tena wa kumtisha.

Wala mtu asidhani ninasema kwamba hakuna nguvu za uovu. Maandiko yasema zipo. Ila nasema tusimpe Shetani heshima ya kila kidole chepesi. Wala tusisahau kwamba kazi yake ya kwanza ni uongo, na kwamba katika mambo haya yeye humtumikia zaidi yule asingiziaye kuliko yule asingiziwaye. Tena kipimo hiki kitupime sisi watumishi kwanza. Mhubiri apangaye na mtu kwa siri ili ajifanye kiwete, kisha amwinue mbele ya mkutano, huyo ni kuhani wa Beli, hata kama amevaa kanzu na kulitaja jina la Kristo.

Basi, kijana, ukitaka kununua chombo au kitabu, kipime kwa vipimo vya fundi, maana kazi mbovu haimtukuzi Mungu. Kisha uliza mambo mawili. La kwanza: Je, nitaweza kusema mbele ya wote kwamba huu ni mchezo, na mchezo usiharibike? La pili: Siri hii ikifunuliwa, ni nani atakayepata hasara? Ikiwa hasara ni kupungua kwa kicheko tu, itunze siri yako na uwafurahishe wenzako kwa amani. Lakini ikiwa siri ikitunzwa mtu asiye na hatia atafukuzwa nyumbani mwake, au kupigwa, au kuuawa, hiyo si siri ya kutunzwa. Nanyi wainjilisti na walimu mlio vijijini, atakapokuja mtu mwenye kioo au pembe na kumnyoshea kidole bibi fulani, msingoje hata aondoke. Simameni karibu na bibi yule, mkaulize kwa upole na kwa sauti ya kusikika ni nini kilichomo mkononi mwa yule mtu.