Kila Mgonjwa na Kipimo Chake

Je, haki ni kuwapa wote kitu kimoja, au kumpa kila mtu kadiri ya haja yake? Swali hili twalipata, ajabu, katika darasa dogo la yoga, yaani mazoezi ya viungo na pumzi yatokayo India.

Mjini Madras, uitwao Chennai tangu 1996, mwalimu T. Krishnamacharya, aliyefariki mwaka 1989 akiwa na miaka 100, alikuwa na desturi ya kumfundisha mgonjwa peke yake. Kwanza alimshika mshipa wa mkono, akamtazama umri wake na pumzi yake. Ndipo akamchagulia zoezi. Mwanawe Desikachar aliendeleza njia hiyo. Mzee asiyeweza kuketi sakafuni hufanya mazoezi kitini, wala haaibishwi na wepesi wa kijana.

Twaisifu desturi hiyo. Lakini saa nzima ya mwalimu kwa mtu mmoja ina bei yake. Mchukuzi wa magunia, ambaye mgongo wake umeumia kuliko wa karani, atailipaje? Wengine husema: wafundishwe ishirini pamoja, kila mmoja apate kidogo. Hatukubali upesi hivyo, maana zoezi limfaalo mmoja laweza kumvunja mwenziwe. Afadhali mwenye nacho alipe bei kamili, na mwalimu atenge saa kwa asiye nacho, amtazame kwa uangalifu ule ule. Wala saa hiyo isiwe ya mwisho jioni, mwalimu akiwa amekwisha choka.