Dini kwenye Meza ya Mtawala

Tarehe 16 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, katika parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, tingatinga lilibomoa kanisa lililojaa watu. Ndani mlikuwa na Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia humo wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haiguswi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilithibitisha kwamba dereva alimwuliza paroko, Padri Athanase Seromba, kama kweli abomoe. Paroko alikubali, tena akamwonyesha upande wa jengo uliokuwa dhaifu. Mwaka 2008 majaji wa rufaa walimhukumu kifungo cha maisha.

Wanaosema kwamba dini ni mtambo wa kutawalia watu na kuchochea vita wana haki ya kutuwekea kisa hiki mbele ya macho. Sisi waumini tumezoea kujitetea kwamba muuaji wa aina hiyo hakuwa mwamini wa kweli. Utetezi huo hautoshi. Seromba alikuwa na daraja takatifu na parokia halali, na wengi wa waliochinja wenzao mwaka ule walibatizwa, wakapata kipaimara na kupiga magoti katika misa zilezile walizohudhuria majirani wao. Kama Injili ilihubiriwa Rwanda kwa karibu miaka mia na bado haya yakatokea, lazima tuulize Kanisa lilikuwa limekaa wapi muda wote huo.

Lilikaa karibu sana na kiti cha enzi. Shirika la Wamisionari wa Afrika lilifungua misheni yake ya kwanza nchini humo mwaka 1900. Askofu wake, Léon Classe, alishikilia kwamba Watutsi ndio wafaao kuongoza, na watawala wa kikoloni, Wabelgiji, wakamsikiliza. Mwaka 1931 Mfalme Musinga, ambaye hakutaka kubatizwa, aliondolewa madarakani na nafasi yake akapewa mwanawe Rudahigwa. Huyu alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Machifu walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba ubatizo ni njia ya kubaki kwenye cheo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 upepo ukageuka, na viongozi wengi wa Kanisa wakawaunga mkono Wahutu. Baada ya uhuru, Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Waliopendelewa walibadilika, ila ukaribu na mamlaka haukubadilika hata siku moja.

Sasa tuwatazame waliokuwa nje ya uzio huo. Waislamu wa Rwanda, ambao kwa miaka mingi wenzao waliwaita Waswahili, walikuwa wachache. Wakoloni waliwatenga katika mitaa yao, kama Biryogo mjini Kigali, na shule za misheni hazikuwa zao. Yalipoanza mauaji, wengi wao waliwaficha Watutsi, Waislamu na Wakristo pia, majumbani na misikitini. Siwatoi kama malaika: Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililomwaga sumu ya chuki, alikuwa Mwislamu. Wala sisemi Uislamu una kinga, maana Garissa, nchini Kenya, mwaka 2015 tuliona vijana wa chuo wakitenganishwa kwa dini kisha kuuawa kwa jina lake. Ninachosema ni kwamba jumuiya ile ya Rwanda haikuwa na kiti cha kupoteza. Haikuwa na deni kwa serikali, kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kwake kukataa.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba mwito wa dini haufiki mbali pasipo asabiya, yaani mshikamano wa kundi. Na dini ikishaungana na mshikamano huo, huuongezea nguvu maradufu. Kusini mwa Tanganyika tulilishuhudia hilo. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliyaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega, yakamkabili Mjerumani. Vita ile ilikuwa ya haki, lakini imani ileile iliyowapa watu umoja ndiyo iliyowatuma mbele ya bunduki wakiamini risasi zitageuka maji. Imani inaweza kumwondolea binadamu hofu ya kifo. Hakuna serikali wala jeshi lisilotamani nguvu hiyo.

Nguvu yenyewe hujengwa polepole. Kila wiki dini hutukusanya, hutufundisha kusimama na kuinama pamoja, kufunga, kutoa, kumsikiliza mmoja aliye mbele yetu. Kwa sehemu kubwa utii huo ni neema: umewatoa watu kwenye ulevi, umelea mayatima, umejenga hospitali mahali ambapo serikali haikufika. Lakini mtu aliyezoezwa kutii hajui daima ni nani anayetoa amri. Mtawala akishakaa sawa na kiongozi wa dini, hahitaji kuwazoeza watu upya, anawakuta wameshazoezwa.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba dini ni chombo tu. Panga halina hatia, anayehukumiwa ni mshika panga. Tukisema Kanisa la Rwanda lilitumiwa na wanasiasa, tunawavua viongozi wake dhamana waliyokuwa nayo. Arusha haikuhukumu Ukatoliki, ilimhukumu mtu aliyeulizwa swali akalijibu. Na kule Gisenyi, mlei Mkatoliki, Felicitas Niyitegeka, Mhutu mwenye ndugu yake jeshini, aliwahifadhi Watutsi. Alipewa nafasi ya kujiokoa awaache, akakataa, akauawa pamoja nao. Katekisimu yake ilikuwa ileile ya Seromba. Kwa hiyo dini iliyopangwa inaweza kumlea mtu wa kila namna, na tofauti kubwa iko hapa: kama imemfundisha kwamba kuna amri asizopaswa kuzitii, hata zikitoka kwa askofu, sheikh au rais.

Ndiyo maana umbali kati ya madhabahu na ikulu si suala la adabu bali la uhai wa watu. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa moja la Soweto, jijini humo. Wengine waliona ni kiburi. Mimi niliona Kanisa likilinda haki yake ya kusema hapana siku itakayohitajika, kwa sababu anayekula kwa mtawala kila Jumapili hatamkemea Jumatatu. Sisi tunaojaza misikiti na makanisa ya Afrika Mashariki tuna wajibu wa kuuliza bila woga: zulia jipya limetoka kwa nani, gari la paroko limenunuliwa na nani, na kwa nini mgombea amepewa kipaza sauti kabla ya mahubiri? Kuuliza hivyo si kumkosea Mungu. Kunyamaza ndiko kunakowapa watawala nafasi ya kusema kwa jina lake.