Alimwambia Yote

Somo: Marko 5:25–34

Mwanamke wa somo la leo alitokwa damu miaka 12. Marko hafichi kitu: waganga walimtesa, wakammalizia mali, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, akisimulia habari hiyo hiyo anawastahi wenzake. Kila nikifika hapo hutabasamu.

Wapo kina mama leo wanaotokwa maji badala ya damu. Ni maji maangavu, hayana ute, hudondoka tundu moja la pua, hasa mtu akiinama kufagia. Yakishukia kooni huwa na ladha ya chumvi. Mara nyingi ni mama wa makamo, mnene kiasi, hajaanguka wala kugongwa. Ataambiwa ni mafua, kisha aleji, kisha sinusi, na dawa atameza miaka. Kumbe ni maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku. Presha yake ikikaa juu muda mrefu, humomonyoa mfupa mwembamba ulio kati ya ubongo na pua mpaka utoboke. Tundu hilo ni njia ya vijidudu, na homa ya uti wa mgongo huua.

Zamani wataalamu waliamini kamasi zote hutoka ubongoni. Katika karne ya 17 Conrad Schneider wa Wittenberg akaonyesha kwamba zinatengenezwa na utando wa pua wenyewe. Alisema kweli, ila sasa mama akisema kichwa chake kinavuja, anachekwa.

Daktari msikivu huuliza: tundu moja au yote mawili? Ukiinama yanazidi? Yana chumvi? Majibu hayo ndiyo yanayompeleka maabara kutafuta protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo kamasi za kawaida hazina. Kisha hufuata picha za CT na MRI. Mwaka 1926 Walter Dandy alilazimika kufungua fuvu ili azibe tundu la namna hii. Tangu miaka ya 1980 wapasuaji wamekuwa wakiingia puani kwa kamera nyembamba, wakiziba kwa tishu za mgonjwa mwenyewe: utando wa pua, au mafuta ya tumboni. Zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi huzibwa wakapona. Lakini presha isiposhushwa, kwa dawa na kwa kupunguza uzito, maji yanaweza kutoboa pengine.

Yesu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye bintiye alikuwa mahututi. Akasimama. Mwanamke alikwisha kupona; kilichobaki kilikuwa kumsikiliza, naye akaeleza yote mbele ya umati. Hapo sisi wachungaji tunapungukiwa. Mama hajamaliza sentensi ya pili, tumeshamwekea mikono na kuita anayefuata.

Basi wapendwa, akiwepo jumuiyani kwenu anayevuja hivyo, msimkatize. Mpelekeni kwa daktari wa pua, koo na masikio, mmoja wenu akae naye mpaka aeleze yote. Akirudi kutoka kwenye upasuaji, kwa wiki kadhaa haruhusiwi kupenga, kuinama wala kubeba kizito. Zamu ya kumchotea maji ipangwe Jumapili hii hii.