Nani Aliishi Busisi?

"Umekaa humo muda gani?" Mshauri wa kodi aliniuliza swali jepesi kabisa, nami nikashindwa kulijibu.

Nyumba yenyewe iko Busisi, wilayani Sengerema: vyumba vitatu, bati, na ukisimama nyuma karibu na banda la kuku unaliona ziwa. Kiwanja nilinunua mwaka 2014, nikajenga kidogo kidogo kwa mshahara wa Mwanza mjini. Risiti nilizitunza zote. Jumla milioni 22. Mwaka 2018 ikakamilika, lakini kuhamia sikuhamia. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwa neno moja: kivuko. Nani atapanga foleni Kigongo kila siku ya Mungu? Kisha Juni 19, 2025 Daraja la J.P. Magufuli likazinduliwa, kilomita 3 hivi juu ya maji, na safari iliyokuwa ikila masaa ikawa ya dakika chache. Kisingizio changu kikafa siku hiyo. Nami badala ya kuhamia, nikauza. Milioni 36.

Sheria ya Kodi ya Mapato inamsamehe mtu anayeuza nyumba yake ya makazi asilipe kodi ya ongezeko la mtaji, ikiwa faida haizidi milioni 15, ameimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na ameishi humo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka 3 au zaidi. Faida yangu ni milioni 14. Miaka ya kumiliki ninayo. Ya kuishi sina. Kwa hiyo asilimia 10: milioni 1 na laki 4.

Hayo maneno "kwa vipindi" yalinipa tamaa. Nikakaa na kalamu nikahesabu mara nilizolala pale: Krismasi, misiba miwili, likizo moja ya malaria. Nikapata 41. Zinazotakiwa ni kama 1,095.

Rafiki yangu akacheka. "Si umwone tu mwenyekiti akuandikie barua? Nyumba yako mwenyewe bwana, utakuwa umemdanganya nani?"

Nakiri hoja yake ilinikaa. Nyumba niliijenga kwa jasho langu, na moyo wangu ulikuwa kule hata nilipolala kwingine. Tena nchi hii imejaa walimu na askari waliopangiwa kazi mbali na nyumba walizojenga. Je, ni haki mtu kukosa nafuu kwa sababu riziki yake iko ng'ambo?

Kwa aliyepangiwa, naona sheria inabana. Lakini mimi sikupangiwa. Na nilipojiuliza msamaha huu una maana gani, nikaona una mantiki yake. Anayeuza nyumba anayolala anauza paa lake. Pesa inayoonekana faida itaingia kwenye paa jingine. Mimi usiku wa mauzo nililala palepale nilipolala jana yake. Isitoshe, sehemu ya bei ile ililetwa na daraja lililogharimu umma zaidi ya shilingi bilioni 700, ambalo sikulipigilia hata msumari.

Pamoja na hayo yote, niliinua simu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekaa kwenye nyumba ile tangu 2018. Alifagia uwanja, akapanda miembe, akafuga kuku. Kama mwenyekiti angeuliza majirani, wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye.

"Shikamoo dada. Mtu akikuuliza, sema nilikuwa naishi hapo."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mimi nilikuwa naishi wapi?"

Nilikuwa nimeuita huo uongo mdogo, wa kuikwepa serikali. Kumbe usingesimama bila kumfuta mtu. Na aliyepoteza paa katika biashara hii alikuwa yeye. Wakati huo alishapanga chumba kimoja Sengerema mjini. Sheria haimtazami kwa sababu hati haina jina lake. Sheria ina udhuru wake, haimjui. Mimi ninamjua tangu anibebe mgongoni, na katika mahesabu yangu yote, ya risiti, ya faida, ya usiku 41, sikumwandika popote.

Sisemi kila anayekaa kwenye nyumba ya ndugu anaimiliki. Nasema kuna deni ambalo kukaa kunalizaa, na halionekani kwenye hati. Ukitaka kulijua, jiulize ni nani atahangaika kutafuta pa kulala ukishauza.

Kodi nimelipa yote. Katika milioni 12 na laki 6 zilizobaki, nimemwambia dada atafute kiwanja. Hajanishukuru, wala sioni kwa nini anishukuru. Ameuliza jambo moja tu: kitaandikwa jina la nani?

Lako, dada.