Ruhusa ya Mmoja si ya Ukoo Mzima



Sisi tunaopanga foleni ya chakula twajua maana ya ruhusa. Tukimpa jirani kadi atuchukulie mahindi, hatujamruhusu ndugu yake kunakili majina ya watoto wetu. Basi tujiulize: programu mbili za simu zikiwa na mwenye mmoja, je, ruhusa tuliyoipa moja yahamia kwa nyingine?

Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp. Iliiambia Tume ya Ulaya kwamba haina njia ya kuaminika ya kulinganisha akaunti za pande mbili hizo. Lakini Agosti 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba namba za watumiaji zitapelekwa Facebook. Watumiaji wa zamani walipewa siku 30 za kukataa zisitumike kwa matangazo; wapya hawakupewa nafasi hiyo. Mei 2017 Tume iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa maelezo ya kupotosha.

Hata katika simu za Android, mtengenezaji aliweza kuzipa programu zake kitambulisho kimoja. Moja ikiruhusiwa kusoma majina yaliyohifadhiwa, nyenzake nazo husoma. Mwaka 2019, Android 10 ilipotoka, Google iliwashauri watengenezaji waache njia hiyo.

Wengine watasema: ni nyumba moja, kuna ubaya gani? Kweli faida ipo. Hatuandiki neno la siri mara mbili. Lakini ruhusa hutolewa kwa kazi maalumu. Tulimtuma mjumbe apeleke barua. Hatukumtuma amweleze mfanyabiashara tunamwandikia nani.

Tena kuna jambo zito zaidi. Ndani ya simu zetu mna namba za wengine. Wamo waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo, wasiotaka ijulikane wako wapi wala na nani. Hao hawakuulizwa. Tunapobonyeza "Kubali", twagawa kitu ambacho si chetu peke yetu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kubonyeza tuulize: Yataka nini? Kwa kazi gani? Nani mwingine ataona? Programu ya tochi haina haja ya majina ya watu. Tufungue mipangilio ya simu, tutazame orodha ya ruhusa, tuzime zisizo na kazi. Vijana wanaojua wawasaidie wazee. Kumtunzia mwenzako jina lake ni kumtunza yeye mwenyewe.