Picha ya Nyonga Isiwe Hakimu Pekee

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, sisi wa Sengerema tunafika Hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kusubiri kivuko. Wengi wetu tunakwenda na ombi moja: nipigwe picha, nijue ninachoumwa. Kwa maumivu ya nyonga, ombi hilo linaweza kutupoteza.

Yaliyotokea Framingham, Marekani, yatufunze. Watafiti waliwauliza watu 946 kama nyonga zinawauma mara kwa mara, na nyonga hizo zikapigwa eksirei. Majibu yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya nyonga zilizouma, ni asilimia 15.6 tu zilizoonekana kusagika. Na kati ya zilizosagika, zilizouma mara kwa mara zilikuwa asilimia 20.7. Kundi jingine la watu zaidi ya 4,000 likaonyesha hali hiyo hiyo.

Linalonitia hofu ni hili: hata wazee wenye maumivu ya kinena, au waliosikia maumivu mguu ulipogeuzwa kwa ndani, wengi wao picha haikuonyesha nyonga kusagika. Daktari anayetegemea picha peke yake angewaambia ni wazima. Eksirei huonyesha mfupa na nafasi kati ya mifupa. Gegedu lenyewe halionekani, wala utando uliovimba.

Lakini mwili huwa umeshasema mapema. Mtu anashindwa kuinama aoshe nyayo. Anarudi shambani akichechemea. Asubuhi nyonga inakakamaa, ikilegea kabla ya nusu saa. Wakati mwingine linalouma ni goti, kumbe ugonjwa uko nyongani. Tunayapuuza haya, mimi na wewe, tukisema ni uzee, au picha ilikuwa safi.

Wapo pia wanaotishwa na picha. Mzee akiambiwa mfupa umesagika anaacha kutembea, misuli inalegea, na maumivu yanazidi, ilhali mazoezi ndiyo tiba ya kwanza.

Kwa kijana mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kanda yetu ya Ziwa, tahadhari iwe kubwa zaidi: kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuanza kufa kwa kukosa damu huku eksirei ya kwanza ikiwa safi. Na nyonga inayouma pamoja na homa isisubiri hata siku moja.

Ndugu yangu, ukifika kwa daktari, kabla hujatoa bahasha ya picha, mweleze kazi gani zimekushinda. Kisha mwombe akulaze kitandani, aupime mguu wako kwa mikono yake.